Soya na Paini: Wageni Waliofika Songea Bila Wenzao

Ukimuuliza mkulima wa Songea kwa nini analima soya, majibu huwa mawili: ina soko, halafu inarutubisha shamba. La soko tuwaachie wafanyabiashara. Hilo la pili ndilo la leo, kwa sababu ukweli wake una sharti. Soya peke yake hairutubishi chochote. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake, na wasipokuwepo, soya inakula shamba kama zao lingine lolote, pengine hata zaidi.

Tupige hesabu kidogo. Soya ni zao la protini, na huwezi kutengeneza protini bila nitrojeni. Tani moja ya punje za soya inaondoka shambani na takriban kilo 60 za nitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 tu za nitrojeni. Kwa hiyo kila tani unayouza imebeba nitrojeni ya zaidi ya mifuko miwili na nusu ya yurea. Swali ni moja: imetoka wapi? Kama imetoka hewani, umepata faida. Kama imetoka kwenye udongo wako, mahindi ya mwakani ndiyo yatakayolipa deni.

Hewani nitrojeni imejaa tele, ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Shida ni kwamba mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Wanaoweza ni bakteria wachache, wakiwemo wale tunaowaita rizobia. Mwaka 1888 mwanasayansi wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alifanikiwa kuwatenga bakteria hao kutoka kwenye vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde.

Sasa, wanakutanaje? Mzizi wa soya hutoa kemikali udongoni, ni kama kupiga hodi. Rizobia anayeitambua anajibu kwa kemikali yake. Kinywele cha mzizi kinajikunja, kinamkumbatia bakteria, na mmea unamjengea chumba, yaani kinundu. Humo ndani mmea unamlisha sukari, naye anautengenezea nitrojeni inayolika. Lakini kimeng'enya anachotumia huharibika kikikutana na oksijeni nyingi, huku bakteria mwenyewe akihitaji oksijeni ili aishi. Mmea unalitatua hilo kwa protini nyekundu, ndugu wa ile iliyo kwenye damu yetu, inayogawa oksijeni kidogo kidogo. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi, ukikipasua, ndani ni chekundu au cha waridi.

Usidhani huu ni urafiki wa bure. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa soya. Walivizungushia baadhi ya vinundu hewa isiyo na nitrojeni ya kutosha, bakteria wakawa wanakula bila kuzalisha. Mmea ukavipunguzia vinundu hivyo oksijeni, na bakteria waliokuwemo hawakuzaliana kama wenzao. Asiyefanya kazi, na asile! Upande wa pili nao uko hivyo hivyo: ukiimwagia soya yurea nyingi, inaona haina haja ya kulisha wapangaji, na vinundu vinapungua. Unanunua kwa hela kitu ambacho ungepewa kwa sukari ya mmea wenyewe.

Hapa ndipo tunarudi Songea. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na rizobia wanaoelewana nayo vizuri, wa kundi la Bradyrhizobium, walizoeana nayo huko. Mbegu ilisafiri, bakteria wengi wakabaki. Kunde na njugu mawe zina wenyeji wao kwenye udongo wetu, ila aina nyingi za soya zinachagua sana. Njia za kutoka hapo ni mbili. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilizalisha soya zinazoitwa TGx, ambazo hazina maringo na hukubali rizobia wa Afrika. Njia nyingine ni kumletea mgeni wenzake, yaani chanjo: bakteria hai wanaopakwa kwenye mbegu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kiliwahi kutengeneza ya kwake, iliyoitwa Nitrosua.

Kama hili linaonekana la kimaabara, nenda Madaba ukaangalie paini za Shamba la Miti Wino. Paini nayo ni mgeni, na mwenzake ni kuvu anayeivika mizizi na kuitafutia maji na fosforasi. Miche isiyo na kuvu huyo inadumaa na kupata rangi ya njano. Ndiyo maana watu wa vitalu huchanganya udongo wa kiriba na udongo uliochukuliwa chini ya paini zilizokomaa. Hiyo nayo ni chanjo, kwa koleo!

Wenyeji hawana tabu hiyo. Mwaka 1982 Peter Högberg, mtafiti kutoka Uswidi, alichapisha kazi kuhusu mizizi ya miti ya Tanzania. Miyombo mingi ni jamii ya kunde, lakini haina vinundu. Yenyewe imeshikamana na kuvu, sawa na mikusu inayotupa masuku. Na uyoga mwingi tunaookota porini wakati wa masika ni matunda ya kuvu hao hao. Ukikata miyombo yote kwa ajili ya mkaa au kukausha tumbaku, kuvu amekosa wa kumlisha. Uyoga huo utautafuta na hutauona.

Turudi shambani. Ukitumia chanjo, kumbuka umenunua viumbe hai. Angalia tarehe ya mwisho, itunze mahali pa baridi, changanya na mbegu kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Usiichanganye moja kwa moja na mbolea. Na bakteria hawaleti fosforasi. Udongo mwekundu wenye tindikali ukiwa hauna fosforasi, vinundu vitakuwa hafifu hata kwa chanjo nzuri. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti wa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa namna hiyo.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Soya ikianza kutoa maua, chimba mashina matano au sita kwa jembe (using'oe kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini). Suuza mizizi, pasua vinundu kwa kucha. Vikiwa vyekundu, yurea ya soya iache dukani. Vikiwa vyeupe, vya kijani au havipo kabisa, basi ujue soya yako inakula akiba ya shamba, na msimu ujao panga kumletea mgeni wenzake kabla ya kupanga kununua mbolea.