Kitufe Kipya Huvuka Lini?

Kifurushi cha zana za programu ni akiba ya vijenzi vilivyokwisha kuundwa: vitufe, menyu, visanduku vya kutafutia, kalenda za kuchagulia tarehe. Msanidi anayeandaa fomu ya mgonjwa hachongi kitufe upya. Hukichukua kwenye akiba hiyo na kuendelea na kazi. Vifurushi vingi vikubwa vina vyumba viwili. Kimoja ni toleo kuu, ambalo watu hulijengea mifumo yao. Cha pili ni cha majaribio, ambamo vijenzi vipya hukaa vikiangaliwa kwanza. Kazi ngumu ni kuamua siku ya kukivusha kijenzi kutoka chumba cha pili hadi cha kwanza.

Ugumu huo unatokana na ahadi. Kijenzi cha majaribio kinaweza kubadilishwa jina, kupunguzwa au kutupwa bila watumiaji kuwa na haki ya kulalamika. Kikishaingia toleo kuu, kila aliyekitumia anatarajia kitabaki vilevile. Ndiyo sababu matoleo ya programu huandikwa kwa namba tatu: ya mwisho hupanda kasoro inaporekebishwa, ya kati hupanda kitu kipya kinapoongezwa bila kuvunja cha zamani, na ya kwanza hupanda pale tu mambo ya zamani yanapovunjwa. Kuvusha kijenzi ambacho bado kinayumba ni kujifunga kupandisha namba ya kwanza baadaye, na kuwalazimu watu wengi kuandika upya kazi iliyokwisha kukamilika.

Kifurushi cha MUI, kinachotumika sana katika kurasa za mtandao, kimeyaandika masharti yake waziwazi. Chumba chake cha majaribio huitwa Lab. Ili kijenzi kitoke humo, sharti kiwe kinatumika na watu. Kiwe na ubora ule ule wa msimbo na majaribio kama vijenzi vya toleo kuu. Na uwezekano wa kukivunja katika siku za karibu uwe mdogo. Toleo la 5 lilipotoka Septemba 2021, kundi zima lilivuka kwa pamoja, kikiwemo kisanduku kinachomalizia maneno mtu anapoandika, nyota za kutolea alama na ubao wa tahadhari. Vingine, kama mstari wa kuonyesha matukio kwa mfuatano wa wakati, vilibaki Lab.

Sharti la matumizi lina mtego. Kijenzi kisipotumika hakijulikani kasoro zake. Kikitumika mno kikiwa bado cha majaribio, kinakuwa sehemu ya toleo kuu kwa mazoea, ingawa hakijaahidiwa kwa mtu yeyote. Kitufe cha MUI kinachoonyesha kuwa kazi inaendelea kilikaa Lab kwa miaka, watu wakikitegemea kila siku. Mwaka 2025 hakikuvushwa kama kijenzi cha peke yake: uwezo wake ulitiwa ndani ya kitufe cha kawaida. Huo nao ni uamuzi halali, na pengine ni bora kuliko kujaza akiba vitu viwili vinavyofanana.

Wengine hutegemea onyo. Katika Carbon, kifurushi cha IBM, jina la kijenzi kisichokomaa hutanguliwa na neno linaloonya kwamba bado hakijatulia, hivyo anayekitumia anaiona hatari hiyo kila anapoliandika. Katika Compose ya Google, inayotumiwa kuunda programu za Android, msanidi hulazimika kuandika kibali katika msimbo wake kwamba amekubali kutumia kitu cha majaribio. Bila kibali hicho, programu haijengeki.

Masharti haya yote yanamfikiria msanidi. Anayekishika kitufe chenyewe ni mtu mwingine, na kwa Kenya mfano ulio karibu ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa na simu, kila mmoja akihudumia kaya mia moja hivi. Simu hizo hubeba mfumo wa taarifa za afya ya jamii uitwao eCHIS, uliojengwa juu ya Community Health Toolkit, kifurushi huria kinachotunzwa na shirika la Medic.

Katika vilima vya Kilungu, kaunti ya Makueni, kaya hizo hutawanyika kwenye matuta na mabonde. Mhamasishaji anayepanda kutoka Nunguni kwenda boma la mbali hawezi kutarajia mtandao kila anapofika. Kifurushi hicho kiliundwa kwa kulijua hilo: programu na taarifa hukaa ndani ya simu, kisha hulinganishwa na seva mtandao unapopatikana. Matokeo yake ni kwamba toleo jipya haliwafikii watu wote siku moja. Mmoja anaweza kuwa na menyu mpya huku jirani yake wa ng'ambo ya bonde akiendelea na ya zamani, na seva lazima ipokee ripoti za wote wawili. Kijenzi kisichovumilia hali hiyo hakijakomaa, hata kama kinang'aa namna gani kwenye kompyuta ya Nairobi.

Lugha nayo ni kipimo kinachosahaulika. Mazungumzo na mama wa boma huenda kwa Kikamba, lakini fomu hujazwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne hupewa "Hifadhi", lenye herufi saba, na kwenye kioo chembamba neno hilo linaweza kukatwa mkia.

Wakulima wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sana jambo hili la kupima kitu pale kitakapotumika. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa miaka ya 1960, yalizalishwa kwenye kituo cha utafiti karibu na Machakos kwa ajili ya sehemu za mvua chache, na hadi leo mbegu mpya nchini hupitia majaribio ya kitaifa katika maeneo mbalimbali kabla ya kuidhinishwa kuuzwa. Shamba la kituo pekee halitoshi kuipa mbegu ruhusa. Wasanidi wengi wa programu bado hawajafikia nidhamu hiyo. Hupima kwenye simu zao wenyewe, zenye chaji na mtandao.

Community Health Toolkit ilipobadilisha sehemu yake ya kuchuja na kutafuta, na baadaye menyu ya kuhamia kurasa nyingine, iliingiza muundo mpya katika toleo kuu lakini ikaacha ruhusa maalumu: msimamizi wa mradi angeweza kuwaacha watumiaji wake kwenye muundo wa zamani hadi wafunzwe. Kuna pia kadi za mafunzo zinazojitokeza kwenye simu yenyewe kueleza kilichobadilika, ili mtu asiitwe mkutanoni kwa sababu ya kitufe kilichohama. Njia hii ina gharama, maana watunzaji hubeba miundo miwili kwa wakati mmoja na kila kasoro huangaliwa mara mbili. Kwa hiyo ruhusa za aina hiyo huwekwa kwa muda tu. Siku ruhusa hizo zinapoondolewa, msimbo wa zamani hufutwa, na hapo tu ndipo kijenzi kipya kimevuka kwelikweli.