Pikipiki, Mvua na Mito ya Ukambani

Katika makala haya nimeonelea nieleze jambo ambalo wengi wetu tunalipitia kila tunapofunga shule, lakini ni nadra kulizungumza. Jambo lenyewe ni jinsi waendeshaji wa bodaboda wa Kitui na Makueni wanavyopanga safari zao wakati wa mvua, na kwa nini mpango huo ni suala la uhai na kifo.

Mimi natoka upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, na nasoma huku Kitui. Kati ya nyumbani na shuleni upo Mto Athi, ambao ndio mpaka wa kaunti hizi mbili. Mjomba wangu ni mwendeshaji wa pikipiki, tena ni mweka hazina wa kikundi cha stejini kwao. Mengi nitakayoyaeleza nimeyapata kwa kukaa na kikundi hicho wakati wa likizo na kuuliza maswali mpaka wakanichoka.

Mvua zetu zikoje?

Mgeni akisikia Ukambani huwaza jua na vumbi tu. Lakini sisi wenyeji twajua kuwa tuna misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vuli ndiyo tegemeo kubwa la wakulima wetu. Sasa itazame kalenda ya shule. Muhula wa kwanza humalizika Aprili, na wa tatu humalizika Oktoba au Novemba. Yaani tunatoka shuleni na masanduku yetu wakati ule ule mawingu yanapokusanyika!

Tatizo la mvua zetu si kunyesha siku nyingi. Tatizo ni kwamba hunyesha ghafla na kwa nguvu. Ardhi iliyokauka na kuwa ngumu haifyonzi maji upesi, basi maji hukimbilia makorongoni. Mto ambao juzi ulikuwa mchanga mtupu, akina mama wakichimba visima vya maji ya kunywa, leo unanguruma kama lori.

Hapa pana siri ambayo mgeni haijui. Mto unaweza kujaa mahali ambapo halijaanguka hata tone moja. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, maji yake huteremka kupitia Mto Kaiti na Mto Thwake hadi Athi. Aliye chini huko anaota jua, kumbe maji yamo njiani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini dalili ya mafuriko si lazima iwe mawingu yaliyo juu ya kichwa chako.

Nguvu ya maji

Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililojaa wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na Mto Enziu uliokuwa umefurika. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Mungu azilaze roho zao mahali pema peponi. Ikiwa basi zima lilibebwa, je, pikipiki ambayo hata watu wanne huweza kuinyanyua?

Wataalamu wa mafuriko wanatueleza kwamba maji yanayokimbia kwa kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulichukua gari dogo. Tena wenzangu wa Fizikia watakubaliana nami kuwa mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Isitoshe, maji ya mafuriko ni mekundu kwa udongo. Huwezi kuona kama kivuko cha saruji kilicho chini bado kipo au kimekatika.

Mpango wa safari

Novemba moja, mama wa mwanachama mmoja wa kikundi cha mjomba alifariki, na mazishi yalikuwa ng'ambo ya Athi, ndani kidogo kutoka barabara ya Mutomo. Pikipiki nane zilitakiwa kwenda. Jioni moja kabla, waliketi stejini wakapanga. Nami nilikuwapo, nikasikia kila neno.

Kwanza, walisikiliza utabiri. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki na wa msimu, na redio za Kikamba kama Musyi FM huwafikia watu hadi mashambani. Pili, mwenyekiti alimpigia simu mtu anayeishi upande wa juu wa korongo watakalovuka, akamuuliza, "Huko kwenu kumenyesha?" Tatu, walikubaliana saa ya kuondoka: alfajiri, kwa maana mvua nyingi za kwetu huja alasiri na usiku. Nne, na hili ndilo kubwa, walikubaliana mapema ni wapi watakaposimama na kurudi ikiwa mto umejaa. Wakasema pia kwamba mmoja akikataa kuvuka, wote wamekataa.

Nilimuuliza mjomba kwa nini neno hilo lisisubiri mpaka wafike mtoni. Akacheka, akaniambia, "Mpwa wangu, ukishafika mtoni unaona aibu. Yule mwingine anasema twende, wewe hutaki kuitwa mwoga. Abiria naye anakuambia amechelewa. Hapo akili inakuwa imeshaenda."

Walipofika korongoni asubuhi ile, mbingu ilikuwa nyeupe, lakini maji yalikuwa yamejaa. Kijana mmoja alisema angeweza kupita. Wakamkumbusha maneno ya jana. Walingoja ng'ambo ya pili saa nne nzima hadi maji yakapungua na mawe ya kivuko yakaonekana. Walifika kaburi limeshafunikwa. Baadhi ya jamaa walinung'unika, wengine hata hawakuwapa mkono. Lakini mfiwa aliwapokea mmoja mmoja, akasema amezika mmoja na hataki kuzika wengine.

Barabara yenyewe

Mto si hatari ya pekee. Dakika za kwanza za mvua lami huteleza sana, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka. Breki nazo huhitaji nafasi kubwa zaidi kusimamisha pikipiki. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, hata kabla hajagusa breki. Penye udongo mweusi, tope hunata kwenye madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Radi zikianza, msijikinge chini ya mwembe au mbuyu ulio peke yake. Ingieni katika nyumba au duka.

Sheria ya trafiki nayo inasema pikipiki ibebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Wangapi wetu hubebana watatu na sanduku juu?

Nasi wanafunzi tufanyeje?

Tusidhani mpango ni kazi ya mwendeshaji peke yake. Mara nyingi ni sisi abiria tunaomsukuma: "Kaka, pita tu, nimechelewa!" Kabla hatujafunga shule, tujue ni mito gani iliyo njiani na ni nani tunayeweza kulala kwake tukizuiwa. Tumpigie mzazi simu kutoka ofisi ya shule, tumwambie kwamba tukichelewa asiwe na hofu. Mtu mwenye mahali pa kulala hashindani na mto.

Naam, mchanga wa mito yetu utarudi kuwa mkavu baada ya siku moja au mbili, na nyumbani patakuwa papo hapo. Kawia ufike. Nawatakia nyote likizo njema yenye mvua ya kutosha mashambani.