Ati Ni Matone Tu?

Hebu niulize, msomaji wangu: kwenu nani anampeleka mtoto kliniki? Kama jibu ni "mama, siku zote", basi mwite na mwenzio msome wote. Haya yanawahusu wawili.

Baba watoto wangu ni dereva wa watalii hapa Karatu. Msimu ukichanganya, leo yuko kreta ya Ngorongoro, kesho Serengeti. Mwanetu alipofikisha wiki 6, siku ya kliniki ikagongana na siku yake moja ya mapumziko. "Mama, twende zetu Mto wa Mbu tukapunge upepo. Si matone tu yale? Ingekuwa sindano, sawa." Tukanuniana mpaka usiku. Asubuhi tukaenda kliniki wote watatu, na maswali yake yote akamshushia muuguzi.

Kwa nini mdomoni?

Wengi wetu tunaamini sindano ndiyo dawa, matone ni danganya toto. Sivyo. Matone ya rota yalianza kutolewa Tanzania Januari 2013, kwa watoto wa wiki 6 na wiki 10. Virusi vya rota huingia kwa mdomo na kushambulia utumbo, mtoto akaharisha na kutapika hadi kuishiwa maji. Kwa hiyo mlinzi anawekwa pale pale anapopita mwizi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna vikundi vya chembe za kinga, na kingamwili zake humwagwa kwenye ute zimdake adui kabla hajashika ukuta. Sindano ya begani mara nyingi haiwaamshi vizuri askari hawa.

Ila njiani kuna kikwazo: tindikali ya tumbo. Zanzibar mwaka 2009, chanjo ya kunywa ya kipindupindu iliyotolewa Unguja na Pemba ilichanganywa na maji ya kupoza tindikali. Utafiti ulionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliokunywa dozi zote mbili.

Kikwazo cha pili ni utumbo wenyewe. Katika majaribio ya chanjo ya rota yaliyochapishwa 2010, kinga dhidi ya kuharisha kukali ilikuwa asilimia 77 Afrika Kusini, lakini 49 tu Malawi. Wanaoshukiwa ni utumbo uliochoshwa na vijidudu, pamoja na lishe duni. Jirani zetu wa Haydom, ukitoka Karatu ukapita Mbulu, walikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa MAL-ED ulioanza 2009, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuelewa mambo haya.

Koti la chembe ndogo

Sasa wanasayansi wanaifungia chanjo ndani ya chembe za nano. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe hizi ni mia chache tu. Juu wanazipaka koti lisiloyeyuka kwenye tindikali, ila likifika utumbo mwembamba linafunguka. Wengine hutumia kaitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini, kwa sababu inanata kwenye ute. Zikija kuwa vidonge vikavu visivyohitaji friji, fikiria nafuu kwa maboma ya Endulen na Nainokanoka! Lakini nyingi bado ziko maabara, zinajaribiwa kwa panya.

Kwa hiyo tusubiri? Hapana, jamani. Angalia Malawi tena: kinga ilikuwa ndogo, lakini kwa kuwa ugonjwa ni mwingi, kila watoto 100 waliochanjwa waliepushiwa visa vikali 6.7 kwa mwaka, dhidi ya 4.2 Afrika Kusini. Nusu ya kinga penye moto mkubwa inaokoa wengi.

Basi wapendanao, fanyeni hivi:

• Tarehe za kliniki ziandikwe kwenye simu zote mbili, siyo ya mama peke yake.

• Dozi ya pili isirukwe kwa sababu ya safari wala harusi.

• Chanjo haifuti sabuni. Naweni mikono, na mtoto aendelee kunyonya.

• Akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi na mkimbilie kituo cha afya mapema.

Mapenzi si maua na chakula cha jioni tu. Mwanaume anayekumbuka wiki ya 10 bila kukumbushwa, huyo mshike!