Gari Limechemsha Somanga: Nani Alipe?

Gari lililotoka gereji Dar es Salaam juzi likichemsha baada ya kuvuka Daraja la Mkapa, dereva huwaza kwanza afikeje Nangurukuru kabla ya giza. Wazo hilo linaeleweka, ila ndilo linalomwokoa fundi aliyelipua kazi. Madai dhidi ya gereji hupona au hufa katika saa ile ya kwanza barabarani, kwa sababu ushahidi wote uko chini ya boneti na mwenye gari ndiye wa kwanza kuuvuruga.

Chukua kazi ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi. Gasketi mpya haizibi kitu ikiwa hedi imepinda kwa joto na haikupelekwa kusawazishwa kwenye mashine, au boliti zimekazwa kwa kukisia, bila toki renchi wala mpangilio wa mtengenezaji. Kwa safari fupi za mjini kasoro hiyo inaweza kujificha. Barabara ya kusini, takribani kilomita 300 mfululizo hadi Kilwa, gari likiwa na mzigo na kiyoyozi kimewashwa, huifichua: gesi ya injini hupenya kwenye njia ya maji, maji yakatapika kwenye kopo la akiba, na oili pengine ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Piga picha ya mshale wa temprecha, ya kilomita kwenye dashibodi, na ya upande wa ndani wa kifuniko cha oili injini ikishapoa. Rejeta ya moto usiiguse. Ukijazia maji na kusonga mbele mpaka injini inoki, hasara hiyo ya pili ni rahisi kurudishwa kwako: kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatoa fidia kwa aliyevunjiwa mkataba, lakini kinataka pia zitazamwe njia zilizokuwepo za kuondoa usumbufu.

Utaniambia mwenye watoto garini hawezi kungoja breki dauni kutoka Dar. Kweli, na hakuna anayemtaka angoje. Fundi wa Nangurukuru afungue injini, ila gereji ya kwanza iarifiwe kwanza kwa ujumbe wa maandishi, kila hatua ipigwe picha, fundi aandike alichokikuta, na gasketi, boliti na thamostati zirudi nawe. Thamostati ikikosekana kabisa, hilo nalo ni ushahidi. Kuing’oa ili eti gari lipoe ni tabia mbaya iliyozoeleka, na mafundi wanaoitetea hawanishawishi.

Gereji nayo itajitetea kwamba barabara imeharibu, na wanaokumbuka barabara ilivyokatwa na mafuriko Somanga Mei 2024 watatikisa kichwa kukubali. Utetezi huo si wa kupuuzwa: jiwe likitoboa rejeta, maji yatamwagika na gasketi nzima itaungua. Basi ipigwe picha ya rejeta kutoka chini. Ikiwa haina tundu wala mchirizi, jiwe limeshatoka kwenye kesi. Mgumu zaidi ni utetezi wa spea uliyoinunua mwenyewe, na wengi wetu hununua hivyo. Hapo ubora wa spea ni wa muuza duka, chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214; ukazaji wa boliti unabaki wa fundi. Risiti ya duka na ya ufundi zikiwa mbali mbali, madai hugawanyika vizuri. Ukimkabidhi fundi fedha zote bila karatasi, atamsukumia lawama muuza duka, na muuza duka atauliza kama uliwahi kufika dukani kwake.