Je, Wajua? Chumvi Inayotunza Joto

Chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu iliyofungamana na maji, huyeyuka kwenye nyuzijoto 32.4 za Sentigredi. Kila kilo inapoyeyuka humeza takriban kilojuli 250 za joto, kisha hulirudisha joto hilo inapoganda. Mwaka 1948 Mária Telkes aliitumia kupasha joto nyumba huko Dover, Massachusetts. Baada ya majira machache ya baridi mfumo ukashindwa. Kwanza, chumvi iliyoyeyuka hupoa chini ya kiwango chake cha kugandia bila kuganda. Tatizo hilo ni jepesi kutatua: boraksi kidogo, yenye fuwele zinazofanana na za chumvi hiyo, huanzisha ugandaji. Kasoro sugu ni ya pili: chumvi isiyo na maji, inayojitenga wakati wa kuyeyuka, hutuama chini, isiweze kuungana na maji hayo tena. Ndiyo maana mchanganyiko hufanywa mzito kama uji, kwa udongo maalumu au jeli, chembe zisizame.