Taa za Ziada kwenye Pikipiki: Hesabu Kwanza, Waya Baadaye

Pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jioni, uone pikipiki zilivyopambwa: taa mbili za ziada chini ya taa kubwa, chaja ya simu kwenye usukani, redio, honi ya gari, na taa za rangi ubavuni. Vingi kati ya vitu hivyo vina kazi ya maana. Dereva wa usiku anahitaji kuliona shimo mapema, na simu ndiyo inayomletea abiria na malipo. Kosa haliko kwenye kifaa bali kwenye namna kilivyounganishwa. Waya wa taa kubwa unachunwa, waya mpya unasokotwa hapohapo, tepu nyeusi inazungushwa, na kazi inahesabiwa imekwisha. Baada ya muda betri inashindwa kuwasha injini, swichi inayeyuka, au moshi unafuka chini ya tangi la petroli.

Umeme unatoka wapi

Watu wengi huamini kwamba umeme wa pikipiki unatoka kwenye betri. Chanzo hasa ni koili zilizo ndani ya injini, ambazo huzalisha umeme sumaku inapozunguka. Rektifaya huugeuza umeme huo uwe wa mwelekeo mmoja na kuuzuia usizidi volti 14 na ushee, kisha ukaijaze betri. Betri ni pipa, koili ni bomba linalolijaza. Ukichota kwa kasi kuliko bomba linavyojaza, pipa litakauka hata kama ulilinunua jana. Ndiyo maana anayenunua betri mpya mara kwa mara bila kugusa kingine chochote anapoteza fedha zake bure.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya wati za kifaa kwa volti 12, upate ampea kinazovuta. Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo koili zake zinatoa wati 100 injini ikizunguka vizuri. Uwezo halisi wa pikipiki yako utafute kwenye kitabu chake. Taa kubwa ya wati 35 na taa ya nyuma ya wati 5 tayari ni wati 40 zisizopumzika usiku kucha. Ukikanyaga breki unaongeza wati 21, na indiketa mbili za wati 10 kila moja zinaongeza 20. Mfumo wa cheche nao una mgao wake, na betri inadai kujazwa. Kinachobaki ni kidogo. Chaja ya simu ya wati 10 inaenea bila shida. Taa mbili za ziada za wati 20 kila moja zinafika ukingoni, kwa hiyo ziwashwe barabarani tu, palipo giza. Ukiongeza redio na taa za rangi, umevuka.

Tena hesabu hiyo ni ya injini inayokimbia. Ukiwa kwenye foleni na injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila wewe kuvuta mafuta, koili hutoa umeme pungufu sana, na upungufu huo hulipwa na betri. Betri ya ampea-saa 5 ikiwasha taa hizo mbili peke yake, injini imezimwa, kwa hesabu ya karatasi itaisha baada ya saa moja na nusu. Stata itashindwa kuzungusha injini mapema zaidi ya hapo.

Fyuzi inalinda waya

Kifaa chochote cha ziada kipewe njia yake kutoka kwenye betri, na mwanzoni mwa njia hiyo pakae fyuzi. Wengi hudhani fyuzi imewekwa ili kuilinda taa. La, inaulinda waya. Ganda la waya likichubuka na shaba ikagusa fremu, betri humwaga umeme wote iliyo nao kwa mkupuo. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, na wakati mwingi unapita chini ya tangi. Fyuzi hukatika kabla ya hapo. Kwa sababu hiyo ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, isizidi shubiri moja, maana kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Ukubwa wa fyuzi nao una hesabu. Taa mbili za wati 20 zinavuta ampea 3.3, fyuzi ya ampea 5 inatosha, pamoja na waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Anayefunga uzi wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa kinga pekee iliyopo kati ya shoti na moto.

Kazi ya rilei

Swichi ndogo ya kwenye usukani haikutengenezwa ibebe mzigo mkubwa. Honi za gari zinaweza kuvuta ampea 4 hadi 5 kila moja, na mzigo huo ukipita kwenye kitufe cha pikipiki, vidole vyake vya ndani vinaungua. Rilei hutatua tatizo hilo: umeme kidogo unaopita kwenye swichi unaamsha sumaku, na sumaku inafunga njia nene ya umeme mwingi. Miguu yake ina namba zinazofanana kwa watengenezaji wengi. Namba 30 hupokea waya wenye fyuzi kutoka kwenye betri, 87 hupeleka umeme kwenye kifaa, 86 hupokea umeme wa swichi, na 85 huenda hasi. Umeme wa 86 uchukuliwe kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Ukichomoa ufunguo, kila kitu kinazimika, na hutaikuta betri imekufa asubuhi kwa sababu ya taa iliyosahauliwa.

Kuna tahadhari moja kwa pikipiki za zamani na baadhi ya zile ndogo. Taa yake kubwa hulishwa moja kwa moja na koili, bila kupitia betri. Dalili yake ni kwamba mwanga hupanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta. Usiunganishe chaja wala taa za LED kwenye waya huo. Umeme wake hautulii na utaviharibu. Anzia kwenye betri.

Hasi, viungo na mapito

Upande wa hasi hudharauliwa, na hitilafu nyingi zinatokea huko. Kufunga waya kwenye boliti yoyote ya fremu ni kuutegemea umeme upite kwenye rangi na kutu. Rudisha waya wa hasi hadi kwenye betri, wenye unene sawa na ule wa chanya. Kwenye viungo, tumia vishikizo vya kubana kwa koleo lake, kisha ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake hulainika juani na kuachia, maji yakaingia. Kwa wanaoishi pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa ya chumvi huila shaba iliyo wazi haraka na kuacha ukoko wa kijani usiopitisha umeme.

Pitisha waya mbali na injini na bomba la moshi, na mbali na kingo kali za bati. Kabla ya kuufunga, zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Waya usivutike wala kubanwa shingoni. Unapoanza kazi, fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, na ukimaliza kifunge cha mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu tayari ni shoti.

Kipimo cha mwisho

Kazi ikikamilika, pima. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, ongeza mafuta kiasi, kisha washa taa na vifaa vyote. Kipimo kikibaki juu ya 13, mzigo unabebeka. Kikishuka chini ya betri ilivyokuwa imepumzika, unatumia kuliko unachozalisha, punguza kifaa. Kikipita 15, peleka rektifaya ikaangaliwe kabla haijaikaanga betri.

Ndugu mwenye pikipiki, usimlipe fundi kabla hajakujibu maswali matatu: fyuzi iko wapi na ni ya ampea ngapi? Hasi imerudi wapi? Kipimo kinasoma ngapi vyote vikiwaka? Fundi aliyefanya kazi yake vizuri atakuonyesha majibu yote kwa kidole. Asiyeweza, mwambie aifungue kazi hiyo na kuianza upya, maana unayembeba nyuma yako ni mtoto wa watu.