Kuacha Sigara Kabisa: Kwa Nini Wengi Hurudia, na Kamati Zifanye Nini



Katika ziara zetu za vijijini katika wilaya za Bariadi, Itilima na Maswa, swali moja limekuwa likijirudia karibu kila kikao: "Mbona baba fulani aliacha sigara mwaka jana, na sasa anavuta tena?" Wanaouliza mara nyingi ni akina mama. Fedha ya chumvi, sabuni na madaftari inaishia kwenye kibanda cha njia panda, ambako sigara huuzwa moja moja. Makala haya ni jibu letu kwao.

Tulipokosea

Ni vema tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa muda tuliwahimiza wavutaji wasimame mbele ya mkutano, watupe pakiti zao na kuahidi kutovuta tena. Watu walipiga makofi, nasi tukaandika majina katika taarifa. Tulipopita tena baada ya miezi michache, baadhi yao walikuwa wanavuta kwa kujificha, na wengine walikuwa hawaji tena hata jumuiyani kwa aibu. Mzee mmoja alituambia, "Kurudia sigara hakukuniumiza kama kukutana nanyi njiani." Tulikuwa tumehesabu ahadi, wala hatukuwafuatilia watu.

Kinachomshika mvutaji

Tumbaku ina kemikali iitwayo nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache na kumpa utulivu wa muda mfupi. Ubongo huizoea, kisha huidai. Anapoacha, mvutaji hupata hasira za haraka, kukosa usingizi, njaa, na kushindwa kutuliza mawazo. Hali hii huwa kali zaidi katika siku za mwanzo, na kwa walio wengi hupungua sana ndani ya wiki 3 au 4. Kwa hiyo baba anayegomba nyumbani wiki ya kwanza hajawa mtu mbaya. Mwili wake unadai ulichozoea. Aidha, ugoro na tumbaku ya kusokota vina nikotini ile ile, hivyo kuhamia huko si kuacha.

Lakini mwili ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni mazoea. Sigara imefungamana na kijiwe, pombe, mnada, na mapumziko baada ya palizi. Kwetu hatari kubwa huja pamba inapouzwa: fedha ipo mfukoni, marafiki wapo, na aliyevumilia miezi mitatu anajikuta ameshika sigara.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanaojaribu kuacha bila msaada wowote hufaulu wachache sana, wapatao 4 katika kila 100 kwa jaribio moja. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Sigara moja ni kuteleza. Anayemwambia mwenzake "umeshaharibu kila kitu" ndiye anayemsukuma aanguke.

Kwa nini tusikate tamaa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima 8.7 katika kila 100 nchini walitumia tumbaku. Kwa wanaume ni 14.6 na kwa wanawake 3.2. Wasiotumia ndio wengi, na wanaweza kuwa msaada.

Faida za kuacha huanza mapema. Baada ya saa 12 hewa ya sumu itokanayo na moshi hupungua katika damu hadi kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Hali kadhalika, uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara mbili au zaidi, na huzidisha uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya matibabu. Wengine hukohoa zaidi katika wiki za kwanza za kuacha na kudhani kuacha kumewadhuru, sivyo. Hata hivyo, anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kituo cha afya apimwe makohozi.

Kuhusu fedha, tunawaomba wanakamati wafanye hesabu hii pamoja na mhusika: sigara 5 kwa siku ni sigara 1,825 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya kibanda chenu. Tumeona wanaume wakinyamaza kimya mbele ya jibu hilo.

Mambo ya kufanya

1. Achagueni pamoja na mhusika siku ya kuacha, isiwe wakati wa mauzo ya pamba wala wiki ya sherehe.

2. Awe na mtu mmoja wa karibu, asiyevuta, wa kumwendea saa yoyote. Mke asibebeshwe kazi hiyo peke yake.

3. Hamu ikija, kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Anywe maji, atembee, atafune karanga au matobolwa.

4. Katika wiki za mwanzo aepuke pombe na kijiwe cha wavutaji.

5. Mtembeleeni siku ya 3, wiki ya 1, wiki ya 4, na tena msimu wa pamba. Akiwa ameteleza, muulizeni ilikuwa wapi na pamoja na nani, kisha mpange siku nyingine.

6. Mwelekezeni kwa mhudumu wa afya. Zipo dawa za kusaidia kuacha, ingawa kijijini si rahisi kuzipata. Lakini hata ushauri mfupi wa mhudumu huongeza nafasi ya kufaulu.

7. Wakumbusheni wenye vibanda kuwa Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Kumtuma mtoto sigara ni kumfundisha njia.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: kazi hii haina picha nzuri. Ni nauli ya kumrudia mtu yule yule mara ya nne. Katika taarifa zetu tumeacha kuandika idadi ya walioahidi. Tunaandika waliotimiza mwaka bila kuvuta. Hesabu hiyo itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli. Na yule mzee tuliyemtaja amepanga siku yake nyingine. Safari hii hatutamwomba asimame mbele ya watu. Tutakwenda kwake.